Zamani Kompyuta Alikuwa Mtu

Binamu yangu hufika nyumbani saa tano usiku, macho mekundu. Anavua viatu mlangoni, anajitupa kwenye kochi bila kuwasha taa, na ukimuuliza swali lolote, hata kama ni la chai, jibu ni lile lile: "Ngoja kwanza. Nimehang."

Kazi yake ni kuchora visanduku. Kwenye skrini inakuja picha ya barabara ambayo hajawahi kuikanyaga, wakati mwingine yenye theluji, na yeye anazungushia sanduku kila gari, kila baiskeli, kila mtu anayetembea kwa miguu. Akimaliza moja inakuja nyingine. Visanduku hivyo vinatumika kuifunza mashine, huko iliko, ijue gari ni lipi na binadamu ni yupi.

"Nimehang." Sote twasema hivyo siku hizi. Kichwa kimejaa, hakiingizi kitu tena. Sina hiyo data. Wacha nijiriset wikendi hii. Tunauzungumzia ubongo kama simu iliyobakiwa na nafasi kidogo, na hakuna anayeshtuka. Wanasayansi nao wamebishana kwa zaidi ya miaka 80 kama huo ni ukweli au ni msemo tu: je, ubongo ni kompyuta? Nilipoanza kuufuatilia ubishi huu nilidhani utanipeleka maabara, kwenye vichwa vilivyopasuliwa. Ulinipeleka ofisini, kwenye meza ya karani.

Hebu turudi kwenye ngeli kidogo, na mniwie radhi mliodhani mlimalizana nazo kidato cha nne. Kompyuta iko I-ZI. Kompyuta imeharibika, kompyuta zimeibiwa. Lakini neno la Kiingereza tulilolikopa lilikaa A-WA kwa karne kadhaa. Kompyuta alikuwa mtu. Aliajiriwa, alichelewa kazini, aliumwa na mgongo. Kazi yake ilikuwa kukokotoa hesabu, basi.

Mwaka 1757 huko Paris, mwanahisabati Alexis Clairaut alitaka kujua ile nyota yenye mkia, nyota ya Halley, ingerudi lini hasa. Akashirikiana na Jérôme Lalande na mwanamke aliyeitwa Nicole-Reine Lepaute. Kwa miezi kadhaa watu hao watatu walikokotoa jinsi mvuto wa sayari kubwa kama Jupita na Zohali ungeichelewesha njiani. Walitabiri kwamba ingepita karibu na jua katikati ya Aprili 1759, wakaongeza kwamba huenda wakakosea kwa mwezi mmoja. Ilipita tarehe 13 Machi. Walikosea kwa mwezi mmoja, kama walivyoonya.

Miaka ya 1790, baada ya mapinduzi ya Ufaransa, mhandisi Gaspard de Prony alipewa kazi ya kuandaa majedwali makubwa mno ya hesabu. Akaigawa kazi kama kiwanda. Juu aliweka wanahisabati wachache, katikati wapangaji, na chini kabisa watu wengi ambao hawakutakiwa kuelewa chochote, kujumlisha na kutoa tu. Miongo michache baadaye Mwingereza Charles Babbage aliutazama mpango huo na kuwaza: kama hawa wa chini hawahitaji kuelewa, mbona kazi yao isifanywe na magurudumu? Mashine kubwa aliyoibuni, ambayo haikukamilika, aliipa sehemu mbili. Moja aliiita kinu, nyingine akaiita ghala. Zingatia hilo: mahali pa kuweka namba paliitwa ghala. Hakuna aliyesema mashine ina kumbukumbu.

Mliotazama filamu ya Hidden Figures mnajua mwisho wa stori hii. Huko Langley, Virginia, wanawake Weusi waliajiriwa kama kompyuta, wakakalishwa ofisi yao mbali na wenzao Wazungu. Mwaka 1962, John Glenn akijiandaa kuizunguka dunia, mashine mpya ilikuwa tayari imekokotoa njia ya chombo chake. Glenn hakuridhika. Aliomba Katherine Johnson azipitie zile namba kwanza. Kompyuta wa A-WA akaikagua kompyuta ya I-ZI, akasema ziko sawa, ndipo jamaa akapaa.

Sasa, katikati ya hawa makarani, aingie Alan Turing.

Mwaka 1936 alikuwa kijana wa Cambridge anayesumbuliwa na swali la hesabu tupu: je, kuna mambo ambayo hayawezi kukokotolewa kwa kanuni yoyote ile? Ili kulijibu, ilimbidi kwanza aeleze kukokotoa ni kitu gani. Akaanza na karani. Ana karatasi yenye miraba, kama daftari la hesabu la mtoto wa shule. Wengi wetu tuliyatumia, yale ya miraba midogo. Anatazama alama chache kwa wakati. Ana hali fulani ya akili. Kanuni inamwambia: ukiona alama hii ukiwa katika hali hii, andika ile, sogea mraba mmoja, ingia hali nyingine. Ukiisoma makala ile leo unaweza kudhani kompyuta anayeitaja ni mashine, lakini Turing anamtaja kama mwanamume. Ni mtu. Ukitaka kuitafsiri kwa Kiswahili huwezi kukwepa, lazima uchague A-WA.

Kisha Turing akamvua karani huyo kila kitu kisichohitajika. Akamvua uchovu, kiu ya chai, hamu ya kuchungulia dirishani, haki ya kusema "sielewi hii inanihusu nini". Kilichobaki ndicho tunachokiita leo mashine ya Turing, mama wa kila kompyuta na simu unayoijua.

Hapo ndipo ninaposimama kila nikisikia ubishi huu. Huambiwa kwamba kompyuta iliundwa ifanane na akili ya binadamu. Si kweli kabisa. Iliundwa ifanane na binadamu akiwa kazini, tena kazi ya kuchosha, ambaye ameagizwa asifikiri.

Hatua ya pili ilitokea Chicago, na ndiyo iliyoleta ubongo kwenye stori.

Walter Pitts alizaliwa Detroit mwaka 1923 katika nyumba ambayo vitabu havikuwa na thamani. Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka 12 alikimbizwa na wavulana wa mtaani, akajificha maktaba, akakuta Principia Mathematica ya Whitehead na Russell. Alikaa nayo siku tatu, halafu akamwandikia Russell barua kumwonyesha makosa. Sitaapa juu ya kila kipande cha stori hii, lakini waliomjua baadaye hawakuona ajabu yoyote ndani yake. Akiwa na miaka 15 alitoroka nyumbani, akaenda Chicago, akawa anaingia madarasa ya chuo kikuu bila kujiandikisha na kulala popote palipopatikana. Kwao hakurudi tena.

Mwaka 1942 alikutana na Warren McCulloch, daktari wa neva na magonjwa ya akili aliyemzidi miaka 25 hivi. McCulloch alikuwa na mke, watoto, ndevu, na swali moja lililomkosesha usingizi: inakuwaje nyama hii iliyo kichwani iwaze? Alimchukua Pitts nyumbani kwake, pamoja na rafiki yake Jerome Lettvin aliyekuwa akisomea udaktari. Usiku watoto wakishalala, msomi na yule kijana asiye na makao walikaa chini wakaandika. Makala yao ilitoka mwaka 1943.

Wazo lenyewe ukilijua utaliona kila siku pale stejini. Chukua seli moja ya neva, nyuroni. Ama inafyatuka ama haifyatuki, hakuna nusu. Ifikirie kama matatu ya abiria 14. Abiria wanaingia mmoja mmoja kutoka pande tofauti, na gari halisogei hata mtu akilalamika vipi. Wakitimia 14, linaondoka. Hicho ndicho kizingiti. Lakini kama makanga amepigiwa simu kwamba kuna polisi mbele, haliondoki hata likijaa pomoni. Katika makala yao ilikuwa hivyo hivyo: ishara moja ya kuzuia ilitosha kuinyamazisha nyuroni. Sasa badilisha kizingiti. Nyuroni inayohitaji ishara zote mbili ndipo ifyatuke inasema "na". Inayohitaji moja tu inasema "au". Inayozuiwa inasema "si". Ukiwa na hizo tatu una mantiki nzima. McCulloch na Pitts wakaonyesha kwamba mtandao wa nyuroni kama hizo, ukipewa utepe wa kuandikia, unaweza kukokotoa chochote ambacho mashine ya Turing inakokotoa.

Kwa hiyo yule karani sasa alikuwa ameingia kichwani.

Halafu likaja zunguko la tatu, na hili huwa linanichekesha. Mwaka 1945 John von Neumann aliandika ripoti juu ya kompyuta ya kielektroniki iliyopangwa kujengwa Marekani, EDVAC. Alipotafuta lugha ya kueleza sehemu zake, alichukua makala ya McCulloch na Pitts. Akaviita vipande vya mashine ogani, akavilinganisha na nyuroni, na lile ghala la Babbage sasa likaitwa kumbukumbu. Yaani mashine iliigwa kutoka kwa karani, ubongo ukachorwa kwa mfano wa mashine, kisha mashine ikajengwa kwa lugha ya ubongo. Baada ya hapo tunasimama mbele yake tunastaajabu: jamani, mbona vimefanana hivi! Mtoto akifanana na babake hatushangai. Kinachoshangaza ni watu kumtazama baba na kusema amemfanana mtoto.

Von Neumann mwenyewe hakuwa mtu wa kudanganyika kirahisi. Mihadhara yake ya mwisho, aliyoiandaa akiwa mgonjwa wa saratani na asiipate nafasi ya kuitoa, ilichapishwa mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kwa jina The Computer and the Brain. Anaanza kwa kufananisha, lakini kadiri anavyoendelea anazidi kutofautisha, na kufikia mwisho anashuku kwamba lugha ambayo ubongo huitumia kwa ndani si ile hisabati yetu ya kawaida.

Kuna watakaokuambia kwamba hii yote ni mtindo tu, kila zama hulinganisha ubongo na kifaa cha zama hizo. Wana hoja. Descartes, kwenye kitabu kilichochapishwa mwaka 1662 akiwa ameshakufa, alilinganisha neva na mabomba yaliyoendesha sanamu za maji kwenye bustani za wafalme wa Ufaransa. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz alipima mwendo wa ishara kwenye neva ya chura, akapata takriban mita 30 kwa sekunde, na kulinganisha neva na nyaya za telegrafu kukawa jambo la kawaida. Kesho tutasema ubongo ni kitu kingine. Ila naona hoja hii inaruka jambo moja. Hakuna aliyejenga mabomba ya bustani kwa kumtazama mtu anayefikiri. Kompyuta peke yake ndiyo iliyojengwa hivyo, kwa hiyo undugu upo. Kazi ni kujua ni undugu wa upande gani.

Umemwona huyo chura lakini? Galvani alimtumia miguu yake kugundua umeme wa misuli. Helmholtz akatumia neva yake. Na alikuwa chura tena aliyemvunja moyo Walter Pitts.

Pitts alikuwa amehamia MIT, chini ya Norbert Wiener, ambaye alimpenda kama mwanawe. Alikuwa akiandika tasnifu juu ya mitandao ya nyuroni ya pande tatu, na waliomzunguka walisubiri kitu kikubwa. Mwaka 1952 McCulloch na Lettvin nao wakaja, wakakaa jengo moja. Muda si muda Wiener akavunja uhusiano na kundi zima, ghafla, bila kumweleza Pitts kosa lake. Kijana ambaye tayari alikuwa amempoteza baba mmoja Detroit akawa amempoteza wa pili. Alianza kunywa. Tasnifu aliichoma moto pamoja na karatasi zake.

Katika hali hiyo, mwaka 1959, jina lake likatokea kwenye makala moja mashuhuri pamoja na Lettvin, McCulloch na Humberto Maturana kutoka Chile. Inahusu kile jicho la chura linachouambia ubongo wa chura. Waliingiza vidude vyembamba kwenye neva ya jicho, wakasogeza vitu mbele ya chura, wakasikiliza. Kama ubongo ndio kompyuta, ungetarajia jicho liwe kamera tu: linatuma nukta za mwanga na giza, ubongo unapiga hesabu na kugundua "nzi". Haikuwa hivyo. Zilikuwepo nyuzi ambazo hazikujali mwanga ukiongezeka au ukipungua. Waliweka picha kubwa ya rangi ya majani na maua, mazingira ya chura, wakaisogeza. Nyuzi zile kimya. Wakasogeza kidoa kidogo cheusi juu ya picha hiyo hiyo. Nyuzi zikafyatuka kama mvua ya mabati. Jicho lilikuwa tayari limeamua nini ni muhimu. Lilikuwa linasema "kuna mlo" kabla habari haijafika kichwani. Na waandishi hao wakataja jambo linalojulikana kwa wafugaji wa vyura: chura atakufa njaa amezungukwa na nzi wasiosogea.

Ukifikiria, hilo ni pigo kwa yule karani. Karani hupewa namba tupu na kanuni. Chura hakupewa kitu kitupu hata siku moja. Mwili wake, njaa yake na ukoo wake mrefu wa kula wadudu viko ndani ya jicho lenyewe. Lettvin alikumbuka baadaye kwamba matokeo hayo yalimwondolea Pitts imani yake kubwa kwamba ubongo unaendeshwa na mantiki safi, na imani hiyo ndiyo iliyokuwa imemtoa Detroit. Pitts alikufa Mei 1969, akiwa na miaka 46, ini limeharibika kwa pombe. McCulloch alimfuata Septemba mwaka huo huo.

Baada yao ubishi ukagawanyika, na sehemu kubwa yake nitaipita haraka kwa sababu watu walikuwa wakirudiarudia. Ila mmoja siwezi kumwacha. Mwaka 1980 mwanafalsafa John Searle alituomba tuwazie mtu asiyejua Kichina, amefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni. Karatasi zenye maandishi ya Kichina zinapenyezwa chini ya mlango, anafuata kanuni, anatoa majibu. Walio nje wanaamini ndani kuna Mchina. Yeye haelewi hata herufi. Searle alitaka kuthibitisha kwamba kukokotoa si kuelewa. Tazama vizuri aliyemo chumbani: ni karani yule yule wa Turing, safari hii kafungiwa mlango.

Mwaka 2016 mwanasaikolojia Robert Epstein alirusha jiwe kubwa zaidi. Aliandika kwamba hatuhifadhi kitu chochote kichwani: hakuna faili, hakuna picha, hakuna data. Mfano wake ulikuwa kumwambia mwanafunzi achore noti ya dola moja bila kuitazama. Jaribu na noti ya shilingi mia, sasa hivi, usiitoe mfukoni. Utapata 100, utapata labda KICC. Upande gani? Imeandikwa nini juu yake? Umeishika maelfu ya mara na mchoro wako ni wa mtoto wa chekechea. Simu yako ingeitoa nzima.

Mimi nadhani Epstein alivuka mpaka. Kama kichwani hakuna kitu kabisa, ile KICC imetoka wapi? Kuna kilichobadilika ndani ya ubongo, na wanaotetea kompyuta wana haki ya kusema mabadiliko hayo ni aina ya kumbukumbu. Lakini ni aina gani? Hapa Kiswahili kinatutega. Mtoto wa madrasa Lamu akiijua Kurani yote, tunasema amehifadhi. Ukibonyeza kitufe ili kazi yako isipotee, umehifadhi. Neno moja. Ila faili iliyohifadhiwa inakaa tu, wakati aliyehifadhi Kurani lazima arudie, arudie, asahihishwe na mwalimu, arudie tena, la sivyo inamtoka. Kuhifadhi kwake ni kazi ya kila siku, si droo.

Frederic Bartlett aliliona hili kabla ya kompyuta za umeme kuwepo. Katika kitabu chake cha 1932 aliwasomesha Waingereza hadithi ya wenyeji wa Marekani Kaskazini, akawaomba waisimulie tena baada ya muda. Mitumbwi ikageuka mashua za kawaida, kuwinda sili kukageuka kuvua samaki. Hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wakiijenga upya kila wakati kwa matofali ya kwao. Mwenye nyanya msimulizi anajua: hadithi ya sungura haijawahi kutoka mara mbili ikiwa ile ile, na haikutujia kuwa kumbukumbu yake imeharibika.

Wengine walisema tuache maneno, tuchore nyaya zote tuone. Mnyoo mmoja mdogo, C. elegans, ana nyuroni 302 tu, na ramani ya miunganiko yake ilichapishwa mwaka 1986. Hadi leo hakuna programu inayoishi kama mnyoo huyo. Mwaka 2024 ilikamilika ramani ya ubongo wa nzi wa matunda, nyuroni takriban 140,000. Wewe na mimi tuna bilioni 86 hivi. Mradi mkubwa wa Ulaya wa kuuiga ubongo wa binadamu kwenye kompyuta ulianza mwaka 2013, ukafungwa mwaka 2023. Umeacha ramani na zana nzuri. Ubongo wenyewe haukuigwa.

Upande wa pili wana jibu, tena zito, na liko mfukoni mwako. Ile matatu ya McCulloch na Pitts haikufa. Frank Rosenblatt aliipa uwezo wa kujifunza mwishoni mwa miaka ya 1950: kila abiria apewe uzito wake, na uzito ubadilike kila gari likikosea. Wengine wakaendelea kwa miongo, wakichekwa mara nyingi, hadi mwaka 2024 John Hopfield na Geoffrey Hinton wakatuzwa Nobel ya fizikia kwa kazi ya mitandao hiyo. Akili mnemba inayokuandikia insha leo ni mjukuu wa makala ya 1943. Ukiiona inavyojibu, ni vigumu kusema yule kijana mtoro alikosea kila kitu.

Ila mjukuu huyo hajifunzi peke yake. Ili ajue gari ni lipi, mtu fulani sharti azungushie sanduku gari moja, kisha la pili, kisha la milioni. Ili asitapike matusi, mtu fulani sharti ayasome matusi hayo kwanza na kuyapa alama. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba Wakenya walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili ili ChatGPT ifunzwe kuyaepuka. De Prony angeutambua mpango huu mara moja. Wachache juu, wapangaji katikati, na chini wengi wasiotakiwa kuelewa. Kompyuta amerudi A-WA, ila safari hii jina la kazi limebadilishwa.

Juzi nilimsimulia binamu yangu haya yote, akiwa amekunywa chai na taa imewashwa. Stori ya Katherine Johnson aliipenda. Ya chura aliisikiliza kimya, halafu akanipa yake.

Wiki iliyopita ilimjia picha ya mtaa, magari yameegeshwa pande zote. Katikati ya magari mawili palionekana mguu mdogo, kiatu chekundu na soksi. Basi. Mguu ulikuwa umeinuka kidogo, kuelekea barabarani.

"Ni mtoto," akaniambia. "Anakimbia. Pengine mpira umevuka. Kwa hivyo nikachora sanduku la mtoto mzima, na nikaacha nafasi mbele yake."

"Ikawaje?"

"Wakairudisha. Nikakatwa pointi. Walisema sanduku limezidi, nizungushie tu kinachoonekana." Akainuka kuosha kikombe. "Nikachora mguu."